Mawe Katika Koo Langu

Jumatatu, 1 Agosti 1994

Consolata, kama pua yako imekushinda, ikate uitupe. Usinigeuzie uso nikikusalimu ndani ya boma langu. Boma hili nilikuwa nikilifagia kabla wewe hujaota meno.

Hayo sikumwambia. Nimeyaandika hapa. Ningesema angenijibu, halafu Ouma mwanangu angekuwa na mama upande huu na mke upande ule, na Ouma hajui kusimama katikati. Huanguka.

Asubuhi nimesugua meno kwa mkaa uliosagwa. Nimesugua ulimi mpaka nikataka kutapika. Nimetafuna majani ya mpera. Nikapumulia kiganja, nikanusa. Harufu iko.

Mtoto wao ana miezi miwili. Amepewa jina la marehemu mzee wangu, Odhiambo. Nimembeba mara mbili tu. Hapa kwetu mama haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa, kwa hivyo siwezi kwenda kumchukua. Mtoto huletwa kwa nyanya yake. Sasa haletwi. Kutoka mlango wangu hadi wao ni hatua arobaini. Namsikia akilia. Nakaa.

Jumatano, 3 Agosti

Sokoni Migori na omena yangu, dagaa wa ziwani. Mwanamke mwenye kikapu amerudi nyuma hatua mbili nilipomtajia bei. Akasema omena imeoza. Nikamwambia labda ya kwao. Ilikuwa kavu, ukiishika inalia kama changarawe.

Mwaka jana niliacha omena miezi mitatu nikauza nyanya. Harufu ikabaki. Tangu hapo najua si samaki. Sikumwambia mtu.

Siku hizi nauza nimefunga leso mdomoni. Yule jirani yangu muuza mitumba ameniuliza, "Mama Ouma, leo unaenda kuiba benki gani?" Nikacheka bila kufungua mdomo. Kucheka hivyo kunauma mbavu.

Alhamisi, 4 Agosti

Imetoka nyingine kooni nikikohoa. Nyeupe kama punje ya mtama. Ukiibonyeza inapasuka. Niliibonyeza, nikajuta. Harufu ile ya choo iko ndani yake.

Miaka minne sasa. Kwanza ilikuwa moja baada ya miezi mingi. Sasa kila wiki. Kabla haijatoka koo hunikwaruza upande mmoja na sikio la upande huo huniuma. Nameza mate, kitu kiko. Nameza tena, kiko. Kutwa nzima nameza kitu kisichoshuka.

Nazifukia nyuma ya choo. Hakuna anayejua.

Jumamosi, 6 Agosti

Amekuja Okoth, ndugu ya marehemu mzee wangu.

Mzee alikufa miaka saba iliyopita. Desturi inasema mjane achukuliwe na ndugu ya mumewe. Kwa mjane mzee kama mimi wanapunguza: mwanamume anatundika koti lake ndani ya nyumba, lilale usiku mmoja, imehesabika. Mimi nilikataa koti. Nililala na mwanamume mmoja miaka thelathini na moja. Yatosha. Na ninajua koti likishalala kwangu, lile shamba la chini ninalolima viazi litapata msemaji mwingine.

Okoth alikaa kwenye kigoda, akamwita Ouma, akaanza mbali kabisa. Mvua. Ng'ombe. Halafu chira. Chira ndiyo laana inayompata aliyevunja desturi, anakonda na kuoza akiwa hai. Anasema kinywa changu kinaoza kwa sababu nyumba yangu haikufungwa na koti. Anasema Consolata aliona vitu vyeupe kooni mwangu nilipopiga miayo.

"Na watu wa siku hizi," akasema, "wana jina lingine la vitu vyeupe mdomoni."

Hakulitaja. Nikalitaja mimi. Ukimwi. Alikohoa, akaangalia kuku.

Masharti yake: Jumapili tarehe ishirini na moja anakuja na koti. Nikilikataa, Consolata atamchukua mtoto aende naye kwao upande wa Isebania, laana isimpate. Na akienda hivyo, nani atamrudisha? Nitamsikia mjukuu wangu kwa barua.

Nilimwangalia Ouma. Alikuwa anachora chini kwa kijiti. Ana miaka ishirini na sita. Anachora.

Jumapili, 7 Agosti

Kanisani nilikaa benchi la mwisho, karibu na dirisha. Nyimbo niliimba kwa midomo, bila hewa. Mchungaji akaombea wagonjwa, akaniangalia. Na mimi nikamwangalia mpaka yeye akafumba macho.

Jumanne, 9 Agosti

Nimekwenda kwa mng'oa meno, yule wa nyuma ya soko. Meno yangu sita ya chini yaliondolewa nikiwa msichana, kama ilivyokuwa enzi zetu, kwa hivyo hakuwa na mengi ya kutafuta. Akagonga gonga kwa chuma, akasema gego la juu ndilo limeoza na ndilo linanuka. Nikamwambia toa.

Alitoa. Nililiomba nilione. Jino zima, jeupe, kama la mbuzi mchanga. Akasema ubaya uko kwenye mzizi. Nikaangalia mzizi. Mzizi nao mzuri. Nikamwambia macho yake ndiyo yang'olewe. Akaita anayefuata.

Alhamisi, 11 Agosti

Shimo la jino linapona. Harufu ile ile. Jino zuri limekwenda bure. Mjinga mimi.

Ijumaa, 12 Agosti

Mwalimu wetu wa ngumbaru alisema tuandike kila siku hata siku mbaya, mkono usisahau, na tuandike Kiswahili kwa kuwa mtihani ni wa Kiswahili. Haya. Hii ndiyo siku mbaya.

Nilisimama mlangoni penye jua na kipande cha kioo. Nikafungua mdomo, nikaiona. Nyeupe, imekaa ndani ya nyama ya kando ya koo kama yai la nzi. Nikachukua kibanio cha nywele nikachokoa. Kiliingia ndani kuliko nilivyotaka. Damu. Nikatema kando ya ghala, nikatema tena, ikaendelea.

Consolata alikuwa mlangoni kwake. Aliona. Alimbana mtoto kifuani, akaingia ndani, nikasikia komeo.

Mimi mwenyewe niliogopa. Miaka saba nimemcheka Okoth, na leo nimekaa kwenye kigoda changu na kitambaa mdomoni nikijiuliza kama anasema kweli. Kama mtu anaweza kuoza kwa ajili ya koti. Nimewaza mpaka damu ikakauka. Nimechukia kuwaza hivyo.

Nimefungiwa pande zote. Nikikubali koti, nimeshindwa ndani ya nyumba yangu. Nikikataa, mtoto anaondoka. Na kitu hiki kooni hakijali nimekubali au nimekataa.

Jumatatu, 15 Agosti

Nimekwenda Homa Bay. Kwa Ouma nilisema naenda kununua omena. Omena nilinunua kweli, lakini kwanza hospitali. Nilikaa foleni tangu saa mbili mpaka saa saba. Nilitaka kuondoka mara tatu.

Daktari ni msichana, angekuwa binti yangu wa mwisho. Akauliza shida ni nini. Nikasema shida ni kwamba nanuka.

Hakucheka. Akawasha tochi, akabonyeza ulimi kwa kijiti, akasema nifungue zaidi niseme aaa. Nikasema aaa, hewa yote ya miaka minne ikamwendea usoni. Hakugeuka. Hilo peke yake lilitosha kunitoa machozi, lakini sikuyatoa.

Akafunga pamba kwenye kijiti, akailowesha, akabonyeza kando ya koo, taratibu, kutoka chini kwenda juu. Ikatoka. Akanionyesha kwenye pamba.

"Hili hapa jiwe lako, mama."

Anasema kando ya koo kuna tonsili mbili, kulia na kushoto. Zangu zina mashimo. Chakula kidogo kinaingia humo na uchafu wa mdomo, kinakaa, kinaganda, kinakuwa jiwe. Ndiyo harufu. Ndiyo kukwaruza. Hata sikio ni hilo hilo.

Nikamwuliza kama ni ukimwi. Akasema hapana, hii si dalili ya huo. Nikitaka kupimwa nitapimwa, lakini si kwa sababu ya jiwe hili. Nikamwuliza kama ni chira. Akazima tochi.

"Mama, mimi ni wa huku huku, chira naijua. Hii ni ugali wako wa juzi."

Dawa yake ni kazi, si dawa. Maji ya vuguvugu na kijiko kimoja kidogo cha chumvi, kusukutua mpaka ndani kabisa kila baada ya kula. Mswaki na ulimi usiku na asubuhi. Kunywa maji mengi. Likionekana, pamba yenye maji, kubonyeza polepole. Aliona kidonda cha kibanio, akanikaripia, kibanio nikitupe, kuna mishipa pale. Kukaripiwa na mtoto. Lakini alikuwa na haki.

Nikauliza yataisha lini. Akasema yatarudi. Nikamwambia basi anikate tonsili nimalizane nayo. Akasema hiyo ni hospitali kubwa, na kwa umri wangu damu yake si ndogo, na haoni sababu ya kunipeleka huko kwa mawe haya tu. Nikianza kuvimba na homa kila mara, nirudi tuzungumze.

"Utakufa nayo, mama. Lakini hayatakuua."

Nikatoka nikakaa kwenye ukuta wa nje. Nilidhani nitafurahi. Sikufurahi. Nilikuwa na hasira. Miaka minne nafukia ugali nyuma ya choo kama mchawi. Na hautaisha.

Jumanne, 16 Agosti

Chumvi mara tatu. Jioni koo limekuwa jepesi kidogo. Sijafurahi bado.

Alhamisi, 18 Agosti

Limerudi. Upande wa kushoto, kubwa. Pamba haikulifikia, nikataka kuchukua kibanio, nikakitupa chooni kisinitamanishe. Nikalingojea mpaka saa kumi likatoka lenyewe nikila viazi.

Sasa nina jina la kitu. Jina halinisaidii hapa. Daktari yuko Homa Bay, mimi niko hapa na Okoth. Nikisema hospitali imesema, atasema hospitali haijui mambo ya nyumba. Nikisema ni ugali, watu watacheka. Zimebaki siku tatu.

Consolata ameanza kukunja nguo za mtoto. Anaziweka kwenye begi ya buluu. Naona kutoka hapa. Maisha yangu yote sijawahi kunyamaza hivi, hata mzee alipokuwa hai.

Jumapili, 21 Agosti

Wamekuja baada ya kanisa. Okoth, na wazee wawili wa ukoo kushuhudia. Koti ni la kahawia, zito, kwapa zimefifia. Alilibeba mkononi kama mtoto mchanga.

Waliketi. Nikawapa chai. Hata adui hunywa chai kwangu. Kisha sikungoja Okoth aanze na mvua. Nilisimama penye jua nikashika kioo, nikafungua mdomo mbele ya wanaume watatu, jambo ambalo mama yangu angenipigia. Nikabonyeza kwa pamba. Lilikuwepo. Kwa mara ya kwanza katika miaka minne nilimshukuru Mungu kwamba lilikuwepo.

Nikaliweka kwenye jani la mpera nikampelekea.

"Shemeji, nusa."

"Mimi si mbwa, Nyar Mbita." Ndivyo wanavyoniita hapa, kwa kuwa niliolewa kutoka Mbita.

"Miaka saba unanusa nyumba yangu. Nusa na hili."

Hakunusa. Mzee mmoja akalichukua jani, akanusa, akalirudisha haraka. Akasema, "Ndiyo yenyewe." Nikawaeleza yote ya daktari, tonsili, mashimo, ugali. Yule mzee akauliza kama daktari huyo anatibu na magoti. Mwenzake akacheka mpaka akamwaga chai.

Okoth hakucheka. Akasema jiwe ni jiwe na desturi ni desturi, na nyumba ya ndugu yake haitakaa wazi kwa sababu ya msichana wa hospitali. Akainuka akatundika koti kwenye msumari wa mlango wangu, nje. Akasema kesho jioni atakuja kuliingiza ndani mwenyewe, na nikilizuia, mtoto anaondoka keshokutwa.

Ouma alikuwepo. Hakuwa na kijiti leo. Alichora kwa kidole gumba cha mguu.

Consolata alisimama mlangoni kwake na mtoto muda wote. Jani lilipowekwa chini aliliangalia sana. Hakugeuza pua. Nililiona hilo, sikulielewa.

Koti liko pale. Nikiingia linanigusa bega.

Jumatatu, 22 Agosti

Ouma alikuwa ameenda kwenye kazi yake ya baiskeli mjini. Nilikuwa nachambua omena. Kivuli mlangoni. Consolata, na mtoto, na macho mekundu. Nikadhani amekuja kuaga.

"Mama," akasema. "Yale mawe."

"Yamefanya nini?"

"Mimi pia."

Sikuelewa. Akarudia. Tangu akiwa msichana kwao. Huyatema kwenye kitambaa na kuyachoma jikoni. Harufu yangu aliijua mara tu alipoinusa, kwa sababu ni yake. Alidhani ni chira ametoka nayo kwao. Alipoona nyeupe kooni mwangu akadhani ameniambukiza mimi, kwa kikombe, kwa kijiko, na sasa ilikuwa zamu ya mtoto. Ndiyo maana hakumleta. Ndiyo maana alitaka koti, akifikiri likitundikwa sisi sote tutapona. Anasema hata akimnyonyesha hugeuza uso ukutani asimpumulie.

Miezi miwili. Mtoto ananyonya hajui uso wa mamake.

Na mimi nilikuwa nikisema ana maringo, hacheki na watu.

Nikamwambia kaa. Nikamwambia nipe mtoto, utahitaji mikono yote miwili. Akanipa. Nikamkalisha juani na kioo, nikamfundisha, chini kwenda juu, polepole, usipumue kwa pua. La kwanza lilikuwa dogo. La pili likaruka likamwangukia kifuani, akaanza kulia. Nikamkaripia. Nikamwambia kulia kunajaza koo, hataona kitu. Nikamwita mpumbavu. Nikajiita mpumbavu pia ili tuwe wawili.

Odhiambo alikuwa amelala mkononi mwangu wakati huo wote. Ni mzito. Hawakuniambia amekuwa mzito hivi.

Ouma aliporudi mchana, Consolata alimwambia mwenyewe. Alimwonyesha koo lake, kwenye mlango wao, penye jua, na Ouma akainama akaangalia muda mrefu. Halafu akatembea zile hatua arobaini, akalitoa koti kwenye msumari, akalikunja vizuri, akaenda nalo kwa ami yake. Sikumtuma. Nilimwona akipita kwenye uzio na koti chini ya kwapa.

Kilichosemwa huko sijui chote. Anasema alisema tu, "Baba mdogo, koti lako." Anasema Okoth alimtukana hadi akachoka. Ouma hakuanguka.

Jumatano, 24 Agosti

Mvua tangu asubuhi. Okoth alipita njiani, hakunisalimu. Atarudi na maneno mengine, namjua. Shamba bado liko pale na yeye bado yuko.

Koo linakwaruza upande wa kushoto. Jiwe jingine linajitengeneza. Sawa. Sikio linauma kidogo.

Begi ya buluu imefunguliwa. Nguo za mtoto ziko kwenye kamba chini ya paa langu kwa sababu paa lao linavuja. Mwenyewe amelala kwenye mkeka wangu. Akipumua tumbo linapanda. Nimekaa karibu naye bila leso.

Consolata ameanza kusukutua, lakini anatia chumvi kama anayekausha samaki, halafu analalamika mdomo unawaka. Kesho asubuhi aje hapa na kikombe chake mwenyewe. Kijiko kimoja kidogo, nitapima mimi. Maji yawe ya vuguvugu. Na Ouma atoke mjini na mabati kabla ya Jumamosi azibe lile paa.